Taa ya Ngazini

Nilisikia fimbo kwanza. Ilidondoka kwenye terazo, ikabiringika ngazi mbili tatu, kikapita kimya kidogo, halafu kikaja kishindo kizito ambacho mpaka leo nikikikumbuka tumbo linanikaza.

Ilikuwa saa moja na nusu jioni, hapa kwangu Ngamiani, Tanga, masika ndiyo kwanza yameanza. Mimi nilikuwa juu nafunga albamu zangu za sarafu. Mzee aliyekuja kuziona alikuwa anashuka peke yake, maana alikuwa ameniambia, "Usijisumbue mwanangu, njia naijua."

Nilipomfikia alikuwa amelala ubavu, mkono mmoja umeng'ang'ania nguzo. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mguu haunitii."

Taa ya ngazini ilikuwa imeungua wiki mbili nzima.

Nilijua.

## Tembo wa Tabora

Mnaonifuatilia mnajua nakusanya nini, kwa hiyo sitawachosha: pesa za kampuni ya Wajerumani zenye maandishi ya Kiarabu, rupia za fedha zenye kichwa cha Kaisari Wilhelm II wa Ujerumani, na zile sarafu ndogo za heller, zikiwemo za tundu, ambazo ndizo zilizotuachia neno hela. Sarafu za kale za Kilwa siziokoti wala sizinunui. Vitu vilivyotengenezwa nchini kabla ya 1863 vina sheria yake tangu 1964, na mahali pake ni makumbusho.

Mzee alikuja kwa ajili ya sarafu moja tu. Alikuwa fundi wa reli, miaka mingi katika karakana ya Tabora, na mjukuu wake alimwambia kuna mtu Ngamiani ana rupia ya tembo.

Nilimwekea kiganjani. Rupia 15, dhahabu, gramu 7 na kidogo. Upande mmoja tembo amenyanyua mkonga, nyuma yake mlima, chini mwaka 1916 na herufi T ya Tabora. Upande wa pili tai wa Kaisari. Sisi wenye ugonjwa huu huigeuza moja kwa moja upande wa tai, tukaangalia ncha ya pambo inaishia chini ya herufi gani ya neno OSTAFRIKA (Afrika Mashariki kwa Kijerumani), T au A, kwa sababu chapa za kufulia zilikuwa mbili. Mzee hakujali T wala A. Aliipima uzito kwa kuichezesha kiganjani, kama fundi anavyopima nati.

"Hii imezaliwa kazini kwetu," alisema.

Ni kweli. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, manowari za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari, hela hazifiki kutoka Berlin, na askari wanataka mishahara. Wajerumani wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, wakaanza kufua sarafu palepale Tabora kwenye karakana ya reli, kuanzia Aprili hadi Julai. Zilitoka kama 16,000. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauchukua mji. Mzee aliyajua haya yote kwa kusikia kwa waliomtangulia, mafundi wakongwe waliokuwa wanasimuliana wakati wa chai, lakini sarafu yenyewe hakuwahi kuiona hata siku moja mpaka jioni ile.

Tulikaa saa mbili. Ilikuwa jioni nzuri kuliko nyingi nilizowahi kuwa nazo na albamu hizi.

Sasa nisikilizeni. Ndani ya kabati langu kuna vipakiti vya kunyonya unyevu, ninavyobadilisha kila mwezi kwa sababu hewa ya Tanga ina chumvi. Kuna kipimo cha unyevu. Kuna sefu iliyofungwa ukutani kwa boliti nne. Balbu ya ngazini ni shilingi elfu tatu, duka liko mtaa wa pili, na kwa wiki mbili nilikuwa napita pale gizani nikijiambia kesho.

## Barua

Nyonga ilivunjika. Operesheni ilifanyika, akalala hospitali karibu mwezi, akarudi nyumbani akiwa wa kugeuzwa kitandani. Nilikwenda kila nilipoweza. Nilipeleka machungwa, nilipeleka uji, nililipa dawa mara tatu nne. Nilidhani ninatimiza.

Wiki ya saba ikaja barua ya wakili. Mtoto wake mkubwa ndiye aliyemwagiza. Walitaka shilingi milioni 42 ndani ya siku 14, vinginevyo wanakwenda mahakamani.

Nakiri kilichonijia kwanza ni hasira. Mzee niliyempa chai yangu! Siku mbili nilitembea na hasira hiyo. Siku ya tatu nilikaa nikaisoma barua polepole, mstari kwa mstari, na sikuona uongo ndani yake. Risiti za hospitali zilikuwepo. Mshahara wa msichana wa kumuuguza ulikuwepo. Biashara ndogo ya mzee ya kutengeneza baiskeli, iliyofungwa, ilikuwepo. Na taa ilikuwepo. Mjukuu aliikumbuka, kwa sababu siku ile alipomleta babu yake alijaribu kuiwasha.

Nilikwenda kwa wakili wangu. Alinieleza kwamba madai kama haya huwa na mafungu mawili. Lipo la hasara halisi, ambalo lazima mdai alithibitishe kwa risiti na vielelezo, hesabu kwa hesabu. Na lipo la fidia ya jumla, la maumivu na maisha yaliyobadilika, ambalo linabaki kwenye busara ya hakimu. La kwanza unaweza kulikadiria. La pili hulikadirii. Na mdai ana miaka mitatu ya kufungua shauri, kwa hiyo kukaa kimya nikisubiri wachoke lilikuwa wazo la kitoto.

Halafu akaniuliza, "Una bima?"

Nikasema ninayo. Nilikuwa nimekata bima ya wizi na moto, sarafu zimeorodheshwa moja moja, picha zipo, tathmini ipo. Nilijivunia bima ile.

"Hiyo inakulipa wewe ukiibiwa," akasema. "Mimi nakuuliza ile inayomlipa mwenzio ukimuumiza."

Nilinyamaza.

Ajabu ni kwamba aina hiyo naijua kwa miaka yote niliyoendesha gari. Bima ndogo ya gari ni hiyo hiyo: wewe humlipii mtu uliyemgonga, bima inamlipa, na gari lako likipondeka ni shauri lako. Sheria inatulazimisha kuwa nayo barabarani, trafiki anaihakiki kwenye simu, na tumeizoea hadi tunaiona kama kodi. Ngazi za nyumbani hakuna trafiki wa kuzihakiki.

## Sufuria hubaki

Sehemu hii ndiyo iliyonikosesha usingizi, na nataka kila mwenye albamu, mwenye pikipiki za zamani, mwenye redio za mbao, mwenye kanga za miaka ya nyuma, aisome mara mbili.

Ukishindwa kesi ya madai na huna fedha, mahakama humtuma dalali wake akamate mali. Nilidhani atakuja kwenye nyumba. Wakili akanionyesha Sheria ya Mwenendo wa Madai. Sheria ina huruma yake: haigusi nguo za lazima, haigusi vyombo vya kupikia, haigusi kitanda na matandiko, haigusi zana za fundi, na hapa kwetu Tanzania haigusi hata nyumba unayoishi mwenyewe na mkeo na watoto wanaokutegemea.

Nilifurahi. Nikashusha pumzi.

"Sasa soma tena," akasema, "unionyeshe sarafu ziko wapi."

Hazipo. Kila kinachouzika na hakikutajwa kwenye ile orodha fupi ya huruma, kinakamatika. Sufuria zitabaki jikoni, kitanda kitabaki chumbani, na tembo wa Tabora atashuka ngazi zilezile alizoanguka mzee.

Nikawaza mnada. Nani atakuja kwenye mnada wa dalali, uwanjani, kati ya majokofu na sofa, akiijua tofauti ya T na A? Atakuja sonara. Ataiweka kwenye mizani. Dhahabu ya Tabora ni robo tatu safi, robo iliyobaki ni mchanganyiko, kwa hiyo atalipa pungufu hata ya uzito wake, na kesho yake itakuwa hereni.

Niliwaza hivyo usiku kucha. Na kulipokucha nikagundua kwamba usiku mzima sikuwa nimemuwaza mzee hata mara moja.

## Shemeji yake Muscat

Rafiki mmoja, mkusanyaji wa siku nyingi, alikuwa na jibu tayari. Ana shemeji Muscat. Albamu iende huko na mtu anayesafiri, ikae kwa shemeji, dalali akija akute kabati lina vitabu. "Ukishaambiwa huna, huna," akasema.

Nilizifunga. Sitaki kuficha hili. Nilizitoa kwenye sefu, nikazifunga kwa kitambaa, nikaziweka kwenye begi la nguo la mtoto, na msafiri alikuwa wa Ijumaa.

Wakili alinionya kwa upande wake: mali inayohamishwa baada ya barua ya madai huacha nyayo, mahakama inaweza kuutengua uhamisho huo, na mimi ningekuwa nimejiongezea kesi juu ya kesi. Hayo yalinitisha lakini hayakunizuia.

Aliyenizuia ni mke wangu. Alilikuta begi, akalifungua, akakaa kitandani, akauliza, "Unamficha nani?"

Sikuwa na jibu ninaloweza kulitamka mbele yake. Kwa sababu jibu lilikuwa: namficha mzee asiyeweza kugeuka kitandani.

Nilirudisha albamu kwenye sefu. Jumamosi nilikwenda Mikanjuni, nyumbani kwa mzee, nikiwa na wakili na mzee mmoja wa msikitini. Tulikaa kwenye mkeka na watoto wake watatu. Mtoto mkubwa hakuwa adui niliyekuwa nimemchora kichwani; alikuwa mtu aliyekopa kazini kumtibu baba yake. Kwa vikao vitatu tukafika milioni 13, kwa mafungu, hati ikaandikwa na kusainiwa. Mzee mwenyewe alisema neno moja tu kutoka ndani: "Msimkamue."

Niliuza rupia za fedha karibu zote. Hazikutosha. Nikauza na tembo, kwa mkusanyaji wa Dar, na angalau nilijua hatakwenda kwa sonara.

## "Hongera, umezilinda"

Baada ya hapo nikakata bima ya dhima, ile inayomlipa mwenzio ukimuumiza. Haikuja kama hati ya peke yake. Wakala alinionyesha kwamba bima ya nyumba na vyombo huwa na kifungu cha dhima ndani yake, kile ambacho watu hukiruka kwa sababu kiko kurasa za nyuma. Ada ya mwaka, pamoja na kuongeza kikomo cha malipo, ilikuwa chini ya bei niliyouzia rupia tatu za fedha. Hilo liliniuma kuliko vyote.

Rafiki yuleyule wa Muscat alinitumia ujumbe: "Hongera, sasa umezilinda sarafu zako na watu wa kesi."

Ujumbe huo ndio ulionisumbua wiki zote hizi, hadi nikaanza kuandika haya.

Umezilinda na watu wa kesi. Kwa muda nilifikiri hivyo pia. Tunaikata bima hii kama tunavyoweka vipande vya chupa juu ya ukuta: mtu wa nje ni mwizi au ni mdai, wote wabaki huko. Na kama ndivyo ilivyo, basi bima na begi la Muscat ni kitu kimoja, tofauti ni kwamba moja ina muhuri.

Nimeligeuza sana jambo hili na nadhani rafiki yangu amekosea. Begi la Muscat lingemwacha mzee bila dawa. Bima ingemlipa, na ingemlipa mapema, bila mtoto wake kukopa, bila vikao vitatu, bila mzee kusikia kupitia ukuta watu wakipatana bei ya mguu wake. Sarafu zingebaki, ndiyo, lakini zingebaki kwa sababu mwenye haki ameshapewa haki yake. Bima ya dhima haikuondolei deni. Inahakikisha deni lina mlipaji hata siku ambayo wewe huna kitu.

Ndiyo maana siku hizi naiona ni ya mgeni kabla ya kuwa yangu.

(Wapo watakaouliza habari ya riba na bahati nasibu. Takaful, bima ya Kiislamu, imeshaingia nchini. Ulizeni masheikh wenu na ulizeni wakala kama ina kifungu cha dhima.)

## Pole

Kuna sharti moja kwenye hati lililonisumbua kuliko ada. Linasema ikitokea ajali nitoe taarifa mara moja, na nisikiri kosa wala kuahidi malipo bila idhini ya kampuni.

Nisikiri kosa!

Mtu akianguka kwangu, maneno ya kwanza yanayonitoka ni "nisamehe mzee wangu, kosa ni langu." Ndivyo tulivyolelewa. Ningejifunzaje kusimama juu ya mtu aliyevunjika nyonga, nikanyamaza kwa sababu ya karatasi? Nilimuuliza wakala bila kuzunguka: je, naruhusiwa kumpeleka hospitali? Kumtembelea? Kupeleka uji?

Akacheka kidogo, akasema, "Mpeleke, mtembelee, mpe pole, mpe uji. Kumpa pole mgonjwa si kukiri kosa. Usiandike kwamba utalipa kiasi fulani, na usisaini chochote. Hayo tuachie."

Jibu lilinituliza kiasi, si kabisa. Bado naona kuna siku maneno ya sharti lile yatagongana na malezi yangu, na siku hiyo sijiamini kwamba sharti litashinda. Ninachoweza ni kupiga simu kwa kampuni nikiwa bado njiani kwenda hospitali.

## Nilichouliza mara ya pili

Mara ya kwanza nilitaka kukosea tena. Nilimwambia wakala: sarafu zilizobaki zina thamani ya milioni kadhaa, basi nipe kikomo cha kiasi hicho. Wakala akaniuliza, "Mgeni akivunjika shingo, hakimu atauliza sarafu zako zina thamani gani?" Kikomo kinapimwa kwa madhara unayoweza kumsababishia mtu, hakina uhusiano na kilichomo kwenye sefu. Mwenye albamu ya laki tano anaweza kudaiwa mamilioni sawa na mimi. Nilipandisha kikomo hadi pale mfuko uliposema basi.

Nikauliza habari ya wanafunzi. Huwa wanakuja kuangalia sarafu, na wakati fulani nilikuwa nachukua shilingi elfu mbili mbili za soda. Kumbe palepale nilikuwa nagusa biashara, na kifungu cha dhima ya nyumbani hakifuniki biashara. Vivyo hivyo ukiuza sarafu sebuleni, au ukipeleka maonyesho kwenye ukumbi wa shule: hiyo ni bima nyingine. Elfu mbili nimeacha. Soda natoa mimi.

Nikauliza kama inawahusu mke na watoto wakianguka kwenye ngazi hizohizo. Hapana, ni watu wa nje tu. Nikauliza kiasi ninachobeba mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa. Na mwisho, kabla ya kutoa hata shilingi, niliihakiki kampuni na wakala kwa mamlaka ya bima, TIRA. Siku wakikataa dai bila sababu ya msingi, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na mlango wake nimeshauliza uko wapi.

Mkaguzi wao alikuja nyumbani. Alipita sebuleni haraka, hata sefu hakuiangalia sana. Alisimama ngazini, akawasha taa, akazima, akawasha. Akatikisa ubao wa kushikia mkono, niliouweka baada ya ajali. Akaandika.

## Mikanjuni

Juzi nilikwenda kumwona mzee. Siku hizi anasimama, anafika barazani kwa magongo mawili. Mimi ndiye ninayepeleka albamu kwake sasa, ndogo tu, zile zilizobaki.

Nilimpa heller 20, ya shaba, ya Tabora, ya 1916 hiyohiyo. Imechakaa, taji linaonekana nusu. Aliipenda. Alipitisha kidole gumba juu yake mara nyingi, akasema ilipigwa na mtu mwenye haraka, ukingo umeegemea upande mmoja.

Halafu akauliza, "Na yule tembo?"

Watoto wake hawakuwa wamemwambia. Niliangalia chini. Nikamwambia nimemuuza.

Hakuuliza kwa nini. Aliigeuza ile heller kuelekea kwenye mwanga, akaikazia macho kwa muda mrefu, mpaka nikadhani amesahau tulichokuwa tunaongea.

"Walikupa bei gani?"

Nikamtajia.

"Wamekupunja," akasema, akanirudishia heller, akaniomba nimpe na ile yenye tundu.